Njia Aliyoapa Kutoikanyaga

Eladio Cueto aliendesha treni ya makaa ya mawe tangu ujana wake mpaka mvi zilipomwota, kutoka migodi ya juu ya bonde la Valmoro hadi bandari ya San Elián. Migodi ilipofungwa, ni yeye aliyewaongoza wenzake kulala juu ya reli ili mafundi wasipate pa kuanzia kuing'oa. Walilala pale wiki nzima, mvua ya jimbo la Asturias ikiwanyeshea mchana na usiku. Mwishowe polisi waliwabeba mmoja mmoja kama magunia ya viazi, reli ikang'olewa, na mataruma, yale magogo yaliyoibeba, yakauzwa kwa watu wa mjini wapambie bustani zao. Miaka michache baadaye serikali ya jimbo ilimwaga lami nyembamba palepale ilipopita reli, ikasimamisha vibao vyenye picha ya baiskeli, ikawakaribisha watu waje kunyoosha miguu.

Siku ya uzinduzi, Eladio alisimama katikati ya baa ya kijiji, glasi ya sidra, ile pombe ya matofaa, mkononi, akaapa mbele ya wote kwamba hataikanyaga njia ile maisha yake yote.

"Na mkinizika," akaongeza, "mnipitishe barabarani."

Walimpigia makofi. Wiki iliyofuata baadhi ya wale waliopiga makofi walionekana njiani na wake zao, mikono nyuma, wakitembea taratibu kama watu waliotumwa kukagua kitu. Eladio hakuonekana. Alikuwa mtu wa neno lake, na kila mwaka uliopita ulizidi kumpa sifa hiyo, mpaka ikawa ndiyo sifa pekee aliyobaki nayo.

Mkewe, Obdulia, aliambiwa na daktari kwamba sukari imepanda na kwamba kabla ya vidonge aanze kutembea. Akamwomba mumewe waende pamoja.

"Karibu yote ni tambarare, Eladio. Kwingine kote hapa ni kupanda na kushuka kama mbuzi."

"Nenda wewe. Mimi nimeapa."

"Uliapa baa, hukuapa kanisani."

"Baa ndiko walikokuwa watu."

Obdulia alicheka, akafunga kamba za viatu, akaenda peke yake. Alimwomba tena siku nyingine, na nyingine. Kulikuwa na vuli moja aliyomwomba karibu kila alasiri, akisimama mlangoni na koti lake la mvua, huku Eladio akijifanya habari za televisheni zimemnasa. Baadaye akawa anaomba mara mojamoja, kwenye sikukuu. Kisha akaacha kabisa, na Eladio akajiona ameshinda.

Obdulia alifariki mwezi wa Februari, jikoni, akiosha sufuria ya mchana. Eladio alikuwa chumba cha pili na sauti ya televisheni ilikuwa juu. Alisikia kitu kikianguka, akadhani ni paka wa jirani.

Binti yao wa pekee, Covadonga, ambaye wote walimwita Cova, alikuwa mwalimu huko Gijón. Baada ya mazishi alianza kuja kila Jumapili na watoto wake wawili: Noelia, msichana aliyekuwa anaingia miaka kumi na mitatu, na Nel, kitinda mimba, mwenye maswali yasiyokwisha. Mume wa Cova alikuwa muuguzi, na Jumapili nyingi zilimkuta zamuni. Walikula, wakaosha vyombo, wakakaa. Hakuna aliyekalia kiti cha Obdulia, kile cha karibu na jiko.

Jumapili moja ya Mei, jua likiwa limetoka baada ya siku nyingi za ukungu, Cova alifika asubuhi akiwa na kimanda cha viazi ndani ya bakuli lenye kifuniko, mkate, na baiskeli za watoto nyuma ya gari.

"Leo hatuli humu ndani, Baba," alisema. "Nimechoka kukitazama kile kiti. Tunakwenda kutembea."

"Tutembee wapi?"

"Unajua wapi."

Eladio alimtazama binti yake, akatazama kiti, akatazama televisheni iliyokuwa imezimwa. Cova alikuwa amejiandaa kwa ugomvi; njiani kutoka Gijón alikuwa amepanga hoja zake zote. Hakuzihitaji. Baba yake aliinuka, akavaa kofia yake ya Jumapili na koti zuri, akasema, "Basi tupitie uchochoro wa nyuma. Sitaki kupita mbele ya baa."

Walipitia uchochoro wa nyuma, wakakatiza bustani ya maharage ya jirani, wakatokea kwenye njia. Eladio alisimama ukingoni mwa lami kama mtu anayepima baridi ya maji. Kisha akaweka mguu. Hakuna kilichotokea. Watoto walikuwa wameshatangulia na baiskeli zao.

Hawajafika mbali wakakutana na Lisardo, aliyekuwa mtu wa breki kwenye treni yake kwa miaka mingi, sasa akiburutwa na mbwa mdogo mweupe. Lisardo alisimama, akafumba jicho moja.

"Eladio! Kumbe leo ndiyo tunakuzika? Mbona hawakutuambia tuvae suti?"

Halafu akakumbuka ni nani aliyezikwa kweli kutoka nyumba ya Eladio, uso ukamshuka, akavua kofia. "Nisamehe, ndugu yangu. Mdomo wangu huu."

"Vaa kofia, utapata mafua," Eladio alisema. "Na hicho unachovuta ni mbwa au ni soksi?"

Wakacheka kidogo, kila mmoja akaenda zake. Cova alimshika baba yake mkono, naye hakuutoa.

Ambacho Eladio hakukitarajia ni kwamba mwili wake ungeikumbuka njia. Reli haikuwepo, lakini kona zilikuwepo, na magoti yake mabovu yalijua kabla ya macho kwamba sasa njia inapinda kidogo kushoto, kwamba baada ya mikalitusi ile kutakuja daraja la mawe. Nel alirudi nyuma kumsubiri, na Eladio akajikuta anamweleza jinsi treni iliyojaa makaa isivyosimamishwa pale unapotaka isimame. Lazima uanze kuwaza kusimama mapema, ukiwa bado hujakiona unachosimamia.

"Na ng'ombe akiwa kwenye reli?" Nel akauliza.

"Unapiga honi."

"Na asipoondoka?"

"Unaendelea kupiga honi na unamwomba Mungu ng'ombe asiwe wa mjomba wako."

Nel alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Eladio akahisi kitu kifuani kikilegea, akaona haya. Miaka yote hiyo alikuwa akiichukia njia hii bila kuitembelea, na kumbe ilikuwa bado ni yake.

Ndipo lilipopita kundi la waendesha baiskeli, wanaume na wanawake wa makamo, wamevaa nguo zile za kubana ambazo Eladio alikuwa amezitungia matusi mengi. Mmoja wao, mwanamke mwenye nywele nyeupe, alipunguza mwendo.

"Cova! Poleni sana kwa Dulia. Hatukuweza kufika mazishini."

"Asante, asante," Cova alisema harakaharaka.

Walipokwisha pita, Eladio aliuliza, "Dulia ndiye nani?"

"Mama. Hapa walimwita hivyo."

"Mimi nimeishi naye maisha yangu yote, sijawahi kumwita Dulia."

"Alikuwa anatembea hapa kila siku, Baba. Watu wanazoeana."

Lilikuwa jibu la kawaida, lakini Cova alilisema akitazama miti. Eladio aliona. Akatembea akilitafuna lile jina, Dulia. Halikumkaa mdomoni.

Walipita handaki, taa zikiwaka zenyewe mbele yao na kuzimika nyuma, wakatokea kwenye kituo cha Las Cuestas. Hapo zamani ndipo treni yake ilipongoja njia iwe wazi. Sasa jengo lilikuwa limepakwa rangi ya njano, kuna meza kwenye jukwaa, na maua kwenye vyungu. Eladio alisimama.

"Mimi naishia hapa. Sinywi kahawa ya yule mwanamke."

Yule mwanamke ni Marcelina, aliyesoma darasa moja na Obdulia. Jimbo lilipokiuza kituo, alikinunua yeye akafungua mkahawa. Eladio alimwita msaliti, mbele za watu, sokoni, na tangu siku hiyo hawakusalimiana.

"Baba, hiyo ni hadithi ya zamani."

"Kwangu si ya zamani."

"Mama, nimebanwa," Nel alisema. "Nimebanwa sana."

Cova akampeleka ndani. Noelia akaegemeza baiskeli yake, akaketi. Eladio alibaki amesimama katikati ya jukwaa akiwa na kofia yake nzuri, kama abiria aliyekosea siku. Marcelina akatokea mlangoni akifuta mikono kwenye aproni.

"Karibu, shemeji," alisema.

"Usiniite shemeji."

"Nilikuwa dada kwa mkeo, kwa hiyo wewe ni shemeji, upende usipende. Kaa. Sitakutoza, usije ukasema tena nimejitajirisha kwa reli yako."

Eladio alikaa kwa sababu magoti yalimtaka akae. Alikuwa akitafuta jibu la kumrudishia pale Nel alipotoka mbio kwa mlango wa pembeni, suruali haijafungwa vizuri, na mamaye nyuma yake akimwita.

"Babu! Njoo uone baiskeli ya bibi, bado ipo!"

Cova alisimama ghafla. Noelia akainamisha kichwa. Marcelina akaacha kufuta mikono.

"Baiskeli ya bibi yupi?" Eladio aliuliza.

"Bibi," Nel alisema, akishangaa swali. "Bibi Obdulia."

Ilikuwa katika chumba kidogo ambacho zamani walitunzia taa za treni. Baiskeli ya kijani, si mpya, yenye kikapu mbele. Tandiko lake lilikuwa limevikwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi wa kahawia na krimu. Eladio aliutambua uzi kabla ya kitu kingine chochote. Ni ule ule wa sweta aliyokuwa ameivaa ndani ya koti lake. Obdulia alimfumia majira mawili ya baridi yaliyopita, na Eladio alipomuuliza kama uzi umebaki, alijibu kwamba amepata cha kuutumia.

Aliligusa lile tandiko, akaondoa mkono.

"Nani alimfundisha?"

"Mimi," Marcelina alisema. "Hapo hapo jukwaani. Alianguka, usinione hivi, alianguka mpaka nikadhani ataniachia kesi. Siku moja alikwenda mpaka kwenye mikalitusi bila kuanguka, akashuka, akaketi chini akalia. Mwanamke wa miaka sitini na kitu."

Eladio alikumbuka michubuko ya mikononi. Alimuuliza, naye akasema amejigonga kabati. Akamwambia, "Angalia unakokwenda," na akarudi kwenye gazeti lake.

"Kwa nini hakuniambia?"

Marcelina ndiye aliyethubutu kumjibu. "Angekuambia, wewe ungemjibu nini, shemeji? Sema kweli."

Alijua angejibu nini, maana alikuwa ameshajibu, mezani, mara nyingi, bila kuulizwa. Alikuwa akiwaona dirishani wanawake wa umri wa mkewe wakipita na baiskeli, na akawaita soseji zilizofungwa vibaya. Obdulia alikuwa akicheka pamoja naye. Sasa alijaribu kuukumbuka ule mcheko, kama ulikuwa mcheko kweli, na hakuweza.

"Alifika mbali?" aliuliza.

Noelia alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mama yake, na mama yake akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Alifika baharini, Babu. Mpaka San Elián. Mimi nilikuwa naye, ile likizo niliyokaa kwenu."

"Baharini? Kwa baiskeli hii?"

"Tulipumzika mara nyingi. Tulikula pichi. Tulipofika alivua viatu akaingia na sketi yake, akawa amesimama tu. Nikamuuliza unawaza nini, akasema, 'Kumbe si mbali hivi.'"

Eladio alikuwa ameifanya safari hiyo kila siku ya kazi, kwenda na kurudi, akiwa na nafasi ya mtu mmoja wa ziada pembeni yake. Obdulia alimwambia, walipokuwa wachumba, kwamba siku moja angependa apandishwe. Haikuruhusiwa. Madereva wengine waliwapandisha wachumba wao hata hivyo.

"Ilikuwa lini?" alisema, ingawa tayari alikuwa anaanza kujua.

"Ile siku tuliyochelewa," Noelia alisema polepole. "Ulipokasirika."

Aliikumbuka vizuri. Aliketi mezani mbele ya sahani tupu mpaka jua likageukia dirisha la pili. Supu ya maharage ilikuwa jikoni, ilihitaji kupashwa moto tu, lakini hakuipasha. Aliiacha ipoe makusudi, iwe ushahidi. Wakaingia wawili, nyuso zimewaka kwa jua, nywele zimevurugika. Obdulia alisimama mlangoni na akafungua mdomo kusema kitu. Yeye akamtangulia. Alisema ameoa mke si mzururaji. Alisema hata paka wa jirani hulishwa kwa wakati. Obdulia akafumba mdomo. Kisha akasema walikuwa kwa dada yake, na gari la mtu aliyewarudisha liliharibika. Eladio hakumsemesha tena siku hiyo, wala siku ya pili yake.

"Alitaka kukuambia," Noelia alisema. Maneno yalimtoka kwa haraka, kama mtoto anayesema jambo alilokaa nalo muda mrefu. "Njia nzima wakati wa kurudi alikuwa akifanya mazoezi. Alisema, leo namwambia babu yako, liwe liwalo, siwezi kwenda mpaka baharini halafu ninyamaze. Akaniuliza aanze vipi. Nikamwambia aseme tu, Eladio, nimeiona bahari. Tukafika, na wewe..."

"Noelia," Cova alisema.

"Mwache," Eladio alisema. "Mwache aseme."

Lakini msichana hakuwa na zaidi. Mama yake alimkumbatia, na Eladio akawapita, akatoka nje, akaenda mpaka mwisho wa jukwaa ambako meza hazifiki. Akaketi ukingoni, miguu ikining'inia juu ya lami.

Cova alimwacha kwa muda, kisha akaja akaketi pembeni yake.

"Wewe ulijua," Eladio alisema.

"Nilijua."

"Nel alijua. Mtoto ambaye hawezi kuficha peremende mdomoni, na hilo aliweza. Mlinichukulia kama mbwa mkali."

"Haikuwa hivyo, Baba. Si hivyo alivyosema Mama."

"Alisemaje?"

Cova alitazama njia. Chini yao alipita mwanamume na mtoto amefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amelala, kichwa kimeinamia upande.

"Nilimgombeza siku moja. Nilimwambia huo ni utumwa, mwambie tu, akinuna na anune. Akanijibu kwamba wewe ulinyang'anywa kila kitu. Kazi, treni, reli, wenzako waliohamia mbali. Akasema, 'Amebaki na neno lake tu, na mimi nikifurahi kwenye njia ile mbele ya macho yake, nitakuwa nimemnyang'anya na hilo.'"

Eladio alivua kofia akaiweka magotini. Alitaka kusema kitu cha kujitetea, na kitu kilichokuja ni hiki: "Angeniomba mara moja zaidi, ningekwenda."

Alipokwisha kukisema akajua si kweli. Angemwomba mara moja zaidi, angemwambia ameapa. Cova alijua pia. Hakumbishia. Alisogea tu mpaka bega lake likagusa la baba yake, na wakakaa hivyo.

Baadaye Marcelina alikuja na sahani ya jibini na mkate, na glasi ndogo ambayo Eladio hakuigusa. Eladio aliuliza, bila kumtazama usoni, Obdulia alikuwa akiketi wapi.

"Popote penye jua," Marcelina alisema. "Alikuwa akinywa kahawa bila sukari na kuniambia nimeichoma. Tulikuwa tukikusengenya, usidhani vingine. Na akishakusengenya vya kutosha alikuwa akianza kukusifu mpaka ananichosha."

"Kunisifu nini?"

"Kwamba uliwahi kuisimamisha treni katikati ya ukungu kwa sababu ulihisi kuna kitu, na kweli kulikuwa na jiwe limeporomoka. Hiyo nimeisikia zaidi ya sala za jioni."

Eladio alikuwa amesahau kwamba aliwahi kumsimulia hilo.

Aliinuka, akarudi kwenye kile chumba. Aliitoa baiskeli nje kwenye mwanga, akaishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayemshika ng'ombe wa mwenzake, akaisukuma mbele na kufinya breki. Ililia, ikateleza, haikusimama. Akafinya tena. Uso wake ukabadilika.

"Kuna mteremko huko mbele, baada ya kinu cha maji," alisema. "Mrefu. Unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye daraja. Aliushuka ule mteremko na breki hizi?"

"Alikuwa akishusha miguu," Noelia alisema.

"Miguu." Eladio aliinama akaangalia waya wa breki. "Marcelina, una spana?"

Marcelina alikuwa nayo. Eladio alivua koti zuri akampa Nel alishike, akapiga magoti kwa shida kwenye saruji, akaanza kazi. Vidole vyake vilikuwa vinene na havikuwa vyepesi kama zamani. Alilegeza waya, akauvuta, akaukaza, akazungusha gurudumu, akasikiliza, akaulegeza tena. Watu waliokuwa kwenye meza walitazama kidogo kisha wakarudi kwenye glasi zao. Marcelina alimimina sidra akiwa ameinua chupa juu ya kichwa kama ilivyo desturi ya huko, na haikumwagika hata tone, lakini macho yake yalikuwa kwa mzee. Cova alitaka kumwambia inatosha, Baba, hakuna atakayeipanda leo. Hakumwambia. Alikaa akimwangalia baba yake akitengeneza breki za mtu aliyekwisha kufika salama kila mara bila msaada wake.

Ilipokuwa tayari alijaribu. Gurudumu lilisimama papo hapo.

"Sasa zinashika," alisema, na akabaki amepiga magoti, mkono kwenye lile tandiko la uzi wa kahawia, mpaka Noelia na mama yake walipomwinua, mmoja kila upande.

"Uichukue nyumbani, shemeji," Marcelina alisema. "Mimi sikujua nikuletee vipi."

Eladio aliiwaza baiskeli ile ikiwa nyumbani karibu na kile kiti, vitu viwili vya kutazamwa.

"Watu huja hapa bila baiskeli?"

"Huja. Huomba. Hii siwapi."

"Wape," alisema. "Ila umwambie kila anayeichukua ashuke mteremko wa kinu taratibu."

Alimshukuru kwa jibini. Ni neno la kwanza zuri alilomwambia tangu ile siku ya sokoni, na Marcelina alilipokea kwa kuinamisha kichwa tu, asije akalivuruga. Kimanda cha viazi kilikuwa bado ndani ya bakuli, wakakumbuka hawajala. Wakala hapo jukwaani, kwa mikono, bila maneno mengi.

Wakati wa kurudi Eladio alitembea karibu na Noelia, aliyekuwa akiisukuma baiskeli yake badala ya kuipanda. Alimuuliza mambo madogo. Waliketi wapi kula zile pichi. Walikutana na nani. Obdulia alikuwa akiimba? Alikuwa akiimba, vibaya. Alivaa kofia ngumu? Alivaa, iliyokuwa ya Cova alipokuwa shule. Msichana alijibu kila swali, na kila alipojibu babu yake alitulia kidogo kabla ya kuuliza jingine, kama mtu anayekula chakula ambacho hajui kama kitaongezwa.

"Wiki ijayo nitakupeleka San Elián," Cova alisema nyuma yao. "Kwa gari ni nusu saa."

"Si kwa gari."

"Basi utafika vipi?"

"Kwa miguu. Leo nimefika Las Cuestas. Jumapili ijayo nitaanzia hapo nifike lile daraja la chini ya kinu, utakuja kunichukua pale. Nyingine nitaanzia pale darajani niendelee."

Cova aliyatazama magoti ya baba yake. Yalikuwa yamevimba ndani ya suruali ya Jumapili, na kila hatua aliiweka chini kwa uangalifu, akiuma meno akidhani haonekani. Kutoka daraja lile mpaka baharini kulikuwa na njia ndefu kuliko yote waliyotembea. Alimjua daktari wake, na alijua alichosema daktari kuhusu magoti hayo.

"Sawa, Baba," alisema. "Jumapili ijayo darajani."

Nel aliuliza kama naye ataruhusiwa kuingia majini na nguo. Eladio akamwambia ataruhusiwa, na akamshika begani kwa sababu njia ilikuwa inaanza kupinda, na kwenye kona magoti humuuma zaidi.